Siku moja Tipaza, Algeria: niliketi ufukweni nikisubiri maji yakupwe

Mtoto wa Kigombe

Salaam wakuu.

Juzi kuna mdau aliuliza humu maisha ya mwanafunzi Algeria yakoje, akajibiwa mambo ya viza na posho. Kwenye hayo sina jipya. Nina kisa cha siku moja tu, cha mwaka wangu wa kwanza. Kila nikikisimulia Dar watu wanacheka, kisha wanauliza "halafu?" Labda humu kuna watu wa pwani watakaonielewa.

Nilikuwa Blida, mji ulio chini ya milima, kilomita 45 hivi kutoka Algiers. Mwaka wa kwanza sisi wageni tulisomeshwa Kifaransa tu. Unalala bweni, unakula mkahawa wa chuo kwa dinari 1.20 mlo mzima. Ndiyo, moja nukta mbili, hujasoma vibaya. Dirishani kwetu ilionekana milima ya Chréa, na Januari ilikuwa myeupe pe. Basi theluji nikaiona, bahari sikuiona. Miezi minane! Mimi ni mtoto wa Kigombe, kati ya Tanga na Pangani, mama yangu anachokoa pweza tangu sijazaliwa. Kwetu ukitaka kujua kama mtu yuko nyumbani huangalii saa, unaangalia maji.

Mwezi wa tano tukapanga safari ya kwenda Tipaza, mji mdogo wa pwani magharibi ya Algiers, siku moja kwenda na kurudi. Tulikuwa wanne: mimi, dada mmoja wa Makunduchi, Mrundi aliyekulia Bujumbura kando ya Ziwa Tanganyika, na Mganda wa Entebbe. Tukachagua Ijumaa kwa sababu wikiendi yao ni Ijumaa na Jumamosi. Hapo ndipo akili zetu zilipoishia. Tumefika kituoni saa mbili asubuhi, hakuna basi. Saa tatu, hakuna. Mzee mmoja anayeuza karanga akatutazama kwa huruma akasema mabasi ni baada ya swala. Na mimi Mwislamu wa pwani, niliyekua naona duka la Mpemba linafungwa kila Ijumaa mchana, sikuwa nimewaza hilo hata kidogo.

Tukachanga tukapanda teksi bubu, wao wanaiita clandestin. Njia inakata bonde la Mitidja, michungwa kulia na kushoto, halafu vilima. Kizuizi cha barabarani askari wakatusimamisha, wakaangalia vitambulisho vya chuo, mmoja akauliza tunasoma nini, akasema "marhaba" tukapita. Nataja hili kwa sababu wengine humu mnaogopa. Mweusi atasimamishwa zaidi ya mwenyeji, sitawadanganya. Tembea na kadi yako.

Halafu gari likapanda kilima cha mwisho, bahari ikatokea. Buluu ile siielezi. Ila nikahisi kitu hakijakaa sawa na sikukijua mpaka tuliposhuka: bahari ilikuwa upande wa kaskazini. Mimi maisha yangu yote bahari iko mashariki, jua linatoka majini, na ukielekea kibla bahari inakuwa mkono wa kulia. Pale jua lilikuwa mgongoni, bahari mbele, kibla sijui wapi. Nilisimama kama mtu aliyeamshwa usingizini akakuta kitanda kimegeuzwa.

Tukapata sehemu ya mawe na mchanga kidogo. Nikawaambia wenzangu, vitu viwekwe juu kule, maji yatajaa. Nikawapandisha na mabegi, na chakula, na viatu, mpaka kwenye miti. Dada wa Makunduchi akaniunga mkono kabisa, akasema hata kitenge chake kisibaki chini. Mrundi na Mganda wakatii tu.

Halafu nikaweka alama. Kulikuwa na jiwe jeusi lenye ufa, maji yanaligusa katikati ya ufa. Nikasema moyoni, kama yanajaa tutajua, kama yanakupwa ndiyo vizuri zaidi, nitashuka kwenye miamba nione kuna nini. Saa tano ile. Saa sita, maji yako katikati ya ufa. Saa saba, katikati ya ufa. Saa nane na nusu nimeketi juu ya mwamba kama mlinzi, maji katikati ya ufa.

Naendelea, ngoja nile.

dafu_baridi

Siti ya mbele. Ila uzi bila picha ni sawa na wali bila nazi.

Kapteni Mstaafu

Mkuu tusidanganyane. Mwezi ni huuhuu mmoja. Ukivuta maji ya Tanga utavuta na ya Algeria. Sema hukukaa muda wa kutosha, maji yanachukua saa sita.

Mtoto wa Kigombe

Kapteni, nilikaa kuanzia saa tano hadi saa kumi na moja jioni. Hesabu mwenyewe.

Picha sina, simu ile iliibwa baadaye Kariakoo, si Algeria.

Basi pale mwambani palikuwa na kijana mwenyeji anavua kwa ndoana, miaka ishirini na kitu. Nikamwendea na Kifaransa changu cha miezi minane nikamuuliza, maji yanajaa saa ngapi? Hakunielewa. Nikajaribu Kiarabu cha madrasa. Akacheka. Nikamwonyesha kwa mikono: maji yanapanda, maji yanashuka. Akasema "aah, la marée!" kwa sauti ya mtu aliyekumbuka somo la shuleni. Hiyo, akasema, iko kwa wenye bahari kuu. Hapa hatuna.

Hatuna! Kama anayeniambia dukani sukari imekwisha.

Nilirudi kwa wenzangu nimenyong'onyea. Mrundi akaniuliza kuna nini, nikamweleza. Akanishangaa kweli. "Sasa ulitaka maji yaende wapi?" Mganda akaongeza kwamba kwao Entebbe maji yapo palepale asubuhi na jioni, na hakuna anayelalamika. Kwao wawili ile ilikuwa ziwa, ziwa zuri la kawaida, na aliyekuwa na matatizo ni mimi. Mrundi hakuamini kuwa ni bahari hadi alipochota kwa kiganja akaonja, akatema, akatukana kwa Kirundi.

Bint_Makunduchi

Jamani mimi ndiye huyo dada, nimetumiwa huu uzi na mtu. Khaa! Kaka umesimulia kila kitu ila umeruka la muhimu. Waambie uliogelea dakika ngapi.

Nawaambia mimi. Kaingia kwa mbwembwe, kaka wa pwani huyo, anawaonyesha watu wa maziwa jinsi ya kupiga mbizi. Kazama. Katoka anapiga mayowe kama kaumwa na samaki taa. Maji baridi! Mwezi wa tano wenyeji wenyewe hata hawajaanza kuingia, wapo juu na majaketi wanakula aiskrimu. Watoto wawili watatu tu ndio walioko majini. Dakika moja haikufika. Hiyo kukaa mwambani saa sita alikuwa anajianika.

Mimi niliingia na dera langu na suruali ndani na mtandio, kama ninavyoingia kwetu. Nilikuwa na wasiwasi kidogo maana nilishasikia huko Ulaya wanawafukuza wanaooga na nguo. Wala! Wamama wa Kialgeria wenyewe waliokuja baadaye wamevaa hivyohivyo, wengine wamevaa za kuogelea za kawaida, kila mtu na lake. Waliponikodolea macho ilikuwa ni kwa rangi, si kwa nguo. Mama mmoja akaniletea kikombe cha chai ya nanaa na mkate, akaniuliza natoka wapi. Nikasema Zanzibar. Akasema "Zanjibar!" akamwita mumewe kumwambia. Nikamwambia shukrani, akanijibu "saha". Nikashtuka, maana kwetu wazee wakikuaga wanakuombea siha njema. Neno lilelile, wao ndiyo asante yao.

Mtoto wa Kigombe

😂😂 Dada, tulikubaliana hili lisisemwe.

Sawa, dakika moja. Labda sekunde arobaini.

Fundi wa Mabwawa

Kapteni Mstaafu, ngoja nikusaidie, maana nilisoma mambo ya maji Tlemcen, kwenye taasisi ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Afrika iliyoko huko magharibi mwa Algeria. Jambo hili nami lilinisumbua, mpaka nikamuuliza mwalimu.

Mwezi ni mmoja, hiyo kweli. Lakini mwezi hauinui maji kama ndoo inavyotolewa kisimani. Unayavuta kwa ubavu, yanatembea kutoka upande mmoja wa bahari kwenda mwingine, na yanahitaji nafasi ya kutembea. Jaza maji sinia la biriani ulibebe utembee nalo, utaona yanavyoruka ukingoni. Sasa jaza kikombe cha kahawa utembee kwa mwendo uleule, yanatikisika kidogo tu. Bahari ya Hindi ni sinia. Mediterania, hiyo bahari ya Algeria, ni kikombe, na kimefunikwa: mlango wake wa kwenda bahari kuu ni Gibraltar, ambapo pembamba kabisa ni kilomita 14 tu. Maji ya Atlantiki hayawahi kuingia na kutoka ndani ya saa sita yakaleta tofauti ya maana.

Kwa hiyo si kwamba hayakupwi kabisa. Sehemu nyingi za Mediterania yanapanda na kushuka sentimita ishirini, thelathini hivi. Upepo ukivuma au hali ya hewa ikibadilika maji yanasogea zaidi ya hapo, ndiyo maana mvuvi wa pale anaangalia upepo, hana habari na mwezi. Kwetu Tanga au Unguja bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, linazidi mita tatu. Mtoto wa Kigombe asingeweza kuona sentimita ishirini kwenye ufa wa jiwe wakati vijiwimbi vinapiga.

Na chumvi, Mrundi wenu alikuwa na haki ya kutema. Jua la kule linakausha maji mengi kuliko yanayoletwa na mito na mvua, kwa hiyo chumvi inabaki. Kilo moja ya maji ya Mediterania ina gramu 38 au 39 za chumvi, ya kwetu ni 35 hivi. Pale Gibraltar kuna mikondo miwili kwa wakati mmoja: juu maji mapya ya Atlantiki yanaingia, chini yale mazito ya chumvi yanatoka.

Kapteni Mstaafu

Mfano wa sinia nimeuelewa. Naachia shilingi.

Ila swali: mvuvi wa pale anatia nanga vipi? Sisi jahazi tunalilaza mchangani maji yakipwa, unapaka sifa, yale mafuta ya papa, unaziba mianya kwa kalafati, unalisubiri maji yakirudi linaelea lenyewe. Kama maji hayaondoki chombo kinatengenezewa wapi?

Mtoto wa Kigombe

Wanakivuta nchi kavu, Kapteni. Bandari ndogo ya Tipaza ina mteremko wa saruji, boti zinapandishwa juu kwa waya na mashine. Zilizobaki majini zimefungwa gatini kwa kamba fupi, fupi kabisa, ya urefu wa mkono. Hiyo kamba ilinisimamisha. Kwetu ukifunga mashua kwa kamba ile, maji yakipwa utaikuta inaning'inia kama mbuzi wa Idi.

Ndugu wa Likoni

Hapa Mombasa si unaona feri, maji yakikauka ule mlango unainama mpaka magari madogo yanakwaruza chini, yakijaa unasimama vingine. Kila dereva anajua. Kumbe kuna pwani watu hawajui mambo haya kabisa? Ati kamba fupi! Leo nimejifunza.

mtafuta_scholarship

Samahani kwa kutoka nje ya mada. Hizi nafasi za Algeria zinatangazwa wapi? Na lazima ujue Kifaransa kwanza?

Mtoto wa Kigombe

Wizara ya Elimu hutangaza, fuatilia matangazo yao yenyewe, usimpe mtu hela. Kifaransa nilikwenda sijui hata bonjour. Posho ni ndogo, hesabu ya kuishi unaifanya na kile chakula cha dinari 1.20.

Kuhusu hela, kuna kitu hawatakwambia kwenye tangazo. Waalgeria wanataja bei kwa senti, na hizo senti zenyewe hazipo mtaani. Jioni ile njaa ikatushika, tukaenda kwa jamaa anayechoma dagaa wakubwa, wale sardini, bandarini hapohapo. Nikauliza sahani bei gani. Akasema elfu arobaini. Mfukoni nilikuwa na dinari elfu mbili za kunifikisha mwisho wa mwezi. Nikawageukia wenzangu nikasema twendeni, hawa wametuona wageni. Jamaa akanishika mkono, anacheka, akachomoa kwenye droo yake noti mbili za dinari 200 akanionyesha. Elfu arobaini ni senti. Dinari 400. Ukisikia elfu moja ni dinari kumi. Miezi minane niko nchini na sikuwa najua, kwa sababu nilikuwa nakula chuoni na dukani nanyoosha kidole tu kwenye bei iliyoandikwa.

Dagaa wenyewe sasa! Wamechomwa kwa makaa, chumvi, ndimu, mkate wa ngano mkubwa. Mganda alikula na miiba.

Mwalimu Mstahiki

Nimefurahia uzi huu kwa sababu nyingine. Kutojua maji kujaa na kupwa kuliwahi kumgharimu mtu mkubwa. Julius Kaisari alipovuka na jeshi la Roma kwenda Uingereza mwaka 55 KK, alipaki merikebu zake ufukweni kama wanavyozoea watu wa Mediterania. Siku chache baadaye, usiku wa mwezi mpevu, bamvua likaja pamoja na dhoruba. Zilizopandishwa ufukweni zikajaa maji, zilizotiwa nanga zikavunjikavunjika. Kaisari mwenyewe ameandika kwamba watu wake hawakuwa wanajua kuwa mwezi mpevu unaleta maji makubwa. Jeshi lililoshinda dunia halikujua anachokijua mtoto wa Kigombe wa miaka sita.

Na kwenu hapohapo, ndugu. Mwaka 1498 meli moja ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama kwenye mafungu ya mchanga upande wa Mtangata, jirani na Tongoni. Maji yalipojaa ikaelea. Mwaka uliofuata wakirudi kutoka India mabaharia walikuwa wamekufa wengi mno, hawakuwa na watu wa kuiendesha, wakaichoma moto palepale.

Mtoto wa Kigombe

Mwalimu umenigusa, maana Tongoni ndiyo iliyonijia kichwani nilipoingia kwenye magofu ya Tipaza.

Sijawaambia habari za magofu. Mji ule ulianza kama kituo cha biashara cha Wafoinike, halafu Warumi, na magofu yote yako ufukweni ndani ya hifadhi yenye mizeituni na harufu ya mitishamba. Yako kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1982. Kuna uwanja wa mapigano, jumba la maonyesho, makanisa ya kale, barabara ya mawe inayoshuka moja kwa moja mpaka majini. Wenzangu walipiga picha za nguzo. Mimi nilikuwa naangalia kitu kimoja tu: nyumba. Kuna nyumba ya tajiri wa Kirumi imejengwa ukingoni kabisa mwa bahari, unatoka sebuleni unatia mguu majini. Karibu miaka elfu mbili, na kuta za chini bado zipo. Kwetu mtu akijenga hapo, bamvua la kwanza linamsalimia mlangoni, la pili linaondoka na mlango. Magofu ya Tongoni, msikiti na yale makaburi ya nguzo, waliyajenga wazee wakijua maji yanafika wapi, na bado bahari inazidi kuyasogelea.

Ndani ya jumba dogo la makumbusho kuna picha ya vijiwe vya rangi, ilikuwa sakafu ya mahakama ya Kirumi. Katikati pameonyeshwa mume, mke na mtoto wao wamefungwa kamba, mateka, watu wa nchi ile ile waliotekwa na Warumi. Wakili anasimama kuzungumza huku anakanyaga familia ya watu. Dada wa Makunduchi alisimama pale muda mrefu kuliko sisi wote na hakusema kitu.

Bint_Makunduchi

Nilikuwa namwangalia yule mtoto. Basi.

Na hukusema habari ya kaburi la binti Kleopatra. Mlikataa kwenda kwa sababu mlikuwa mnasikia njaa, mpaka leo sijawasamehe.

Mtoto wa Kigombe

Hilo nakiri. Njiani kabla ya kufika Tipaza, juu kilimani, kuna kaburi kubwa la mviringo la mawe, upana mita 60 hivi. Linasemwa ni la mfalme Juba wa Pili na mkewe Kleopatra Selene, binti wa yule Kleopatra wa Misri na Marko Antonio. Walitawala kutoka Cherchell, mji unaofuata baada ya Tipaza. Tuliliona dirishani tu. Dereva alitaka nyongeza kupanda kule na sisi hela ilikuwa ya dagaa.

Msafiri wa Sfax

Wakuu nimechelewa. Fundi wa Mabwawa kasema kweli, ila Mediterania ina kona inayokupwa. Nilikaa Tunisia miaka miwili, mji wa Sfax. Ghuba ya Gabès bamvua linakaribia mita mbili! Kule maji yakiondoka unaona mchanga na watu wanaokota vitu kama kwetu.

Na kitu kitakachomfurahisha mtoto wa Kigombe: visiwa vya Kerkennah, mbele ya Sfax, wanavua kwa uzio wa makuti ya mitende. Wanayachomeka chini ya bahari kwa mstari, samaki anafuata maji yanayokupwa, anaongozwa na uzio mpaka kwenye chumba, halafu mtegoni. Wanaita sharfia. UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia usioshikika mwaka 2020. Nilipoiona mara ya kwanza nikasema huu si wando? Makuti badala ya fito, basi. Wanaanza msimu wa vuli, mwezi wa sita wanang'oa ili samaki wapumue.

Mtoto wa Kigombe

Wando!! Ningejua ningepanda basi mpaka Tunisia.

kijana_wa_ujiji

Mimi naomba nimtetee Mrundi. Sisi wa Ziwa Tanganyika maji yetu hayaendi na mwezi lakini msidhani hayaendi. Yanapanda kwa miaka. Tangu 2020 yamemeza bandari ya Kigoma sehemu, na upande wa Burundi kule Gatumba watu wamehama nyumba. Nyie mnasubiri saa sita maji yanaondoka. Sisi tunasubiri na hatujui tunasubiri nini.

Ndugu wa Likoni

Pole sana ndugu yangu.

Dada wa Livorno

Kwa wanaoona Algeria si mahali pa kwenda ufukweni, njooni Italia mkodishwe kiti. Nilifika mara ya kwanza na kanga yangu na chupa ya maji, nikakuta ufukwe mzima umepangwa viti na miavuli kwa mistari kama mtihani wa darasa la saba, kila mstari na bei yake, wa mbele ghali zaidi. Sehemu ya bure ilikuwa kipande kando ya mfereji.

Mtoto wa Kigombe

Algeria pia kuna vijana wanaotandaza miavuli na kudai hela majira ya joto, ingawa kisheria ufukwe ni bure. Mei walikuwa bado hawajaanza.

dafu_baridi

Na yule kijana wa ndoana? Ulimwacha hapo hapo?

Mtoto wa Kigombe

Nilirudi kwake jioni, jua linazama nyuma ya mlima Chenoua. Nilitaka kumuaga. Alikuwa amepata samaki watatu, wadogo. Akaniuliza, nyie wanne mnataka kuvuka? Akaelekeza kwa kidevu kule kaskazini. Nikamwambia hapana, tunasoma. Hakuamini mara moja. Akasema vijana wa mtaani kwao wamekwenda, huko huita harraga, wanaounguza, kwa sababu mtu anaunguza vitambulisho vyake kabla ya kupanda boti. Wengine wako Hispania, wanatuma picha. Wengine hawatumi kitu. Nikamuuliza na wewe? Akavuta ndoana akaangalia chambo, akatupa tena.

Akaniuliza kwetu bahari ikiondoka inakwenda wapi. Nikamweleza, mbali, mpaka unaona miamba yote na unaweza kutembea nusu saa kwenda kwenye maji. Akauliza, na unaweza kutembea mpaka nchi nyingine? Nikacheka. Yeye hakuwa anatania.

Kapteni Mstaafu

Duh.

mtafuta_scholarship

Ulirudi vipi Blida usiku? Mabasi yalikuwepo?

Mtoto wa Kigombe

Ijumaa jioni yapo, yamejaa. Tulisimama njia nzima, dada wa Makunduchi akapewa kiti na mzee. Mrundi alilala amesimama.

Bint_Makunduchi

Na mama ulimpigia? Nakumbuka ulikuwa unasema utampigia umsimulie bahari.

Mtoto wa Kigombe

Nilimpigia kesho yake. Kitu cha kwanza akauliza, bamvua au maji mafu? Nikamwambia mama, huku hayakupwi. Akanyamaza, nikadhani laini imekatika. Akasema, hayakupwi leo au hayakupwi? Nikasema hayakupwi kabisa, yapo tu.

Akafikiri. Akaniuliza, sasa wanawake wa huko wanaingia pwani saa ngapi?

Bint_Makunduchi

Ukamjibu nini?

Mtoto wa Kigombe

Nilimwambia salio linakwisha.